‘Ni uzee tu’ si jina la ugonjwa

Yako maneno matatu ambayo yamewalaza wazee wengi kitandani hata wasiinuke tena: ni uzee tu. Jirani huyasema, mtoto wa mgonjwa huyasema, na la kusikitisha zaidi ni kwamba sisi madaktari pia huyasema. Mzee akilalamikia magoti, ni uzee tu. Akianguka njiani kwenda msalani, ni uzee tu. Akianza ghafla kusema mambo yasiyoeleweka, ni uzee, mwacheni apumzike. Maneno hayo yakishatamkwa, uchunguzi huwa umekwisha. Hakuna atakayempima tena.

Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa. Natibu watu Salama, mji mdogo wa Kaunti ya Makueni ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Wasomaji wengi wanaujua kwa malori yaliyoegeshwa na kikombe cha chai ya safarini. Lakini ukiiacha lami na kupanda kuelekea milima ya Kilungu, utakuta boma baada ya boma ambamo waliobaki ni susu na wajukuu wachache. Watoto wao wako Nairobi, Athi River na Mombasa. Daktari akikaa mahali kama hapa kwa miaka, hugundua kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kutibu wazee, awe alifundishwa kazi hiyo au hakufundishwa.

Wengi wetu hatukufundishwa. Chuoni nilikosomea tulizungushwa katika wodi za watoto, za uzazi, za upasuaji, za magonjwa ya ndani na za magonjwa ya akili. Wodi ya wazee haikuwako, wala hatukuulizwa swali lolote la mtihani kuwahusu. Ndiyo maana kijana anayemaliza masomo ya udaktari leo hutamani kuwa bingwa wa moyo, wa mifupa au wa uzazi. Ni nadra umsikie akisema anataka kuwa daktari wa wazee. Huenda hajui hata kwamba kazi hiyo ipo.

Kazi hiyo ipo, na ina historia ambayo ingefaa kila mwanafunzi wa udaktari aijue.

Aliyekabidhiwa wagonjwa 714

Tawi hili la udaktari linaitwa jeriatriki. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1909 na Ignatz Nascher, daktari mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi New York. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mwanafunzi, yeye na wenzake walipelekwa kuwatazama wagonjwa katika nyumba ya maskini. Kikongwe mmoja aliwasimamisha akawaeleza maumivu yake. Nascher akamwuliza mwalimu mama huyo anaugua nini. Akajibiwa: uzee. Akauliza dawa yake ni nini. Akajibiwa kwamba hakuna. Jibu hilo halikumtoka akilini. Ikiwa watoto wana magonjwa yao na madaktari wao, kwa nini wazee wasiwe nao? Hata neno lake aliliunda kwa kufuata lile la udaktari wa watoto.

Lakini jina peke yake halitibu mtu. Aliyeligeuza kuwa kazi ya hospitali ni mwanamke wa Uingereza, Marjory Warren. Alizaliwa London mwaka 1897, akahitimu udaktari mwaka 1923, na mwaka 1926 akaajiriwa katika hospitali ya Isleworth, magharibi ya London, ambayo baadaye iliitwa West Middlesex. Hakuanza na nia ya kutibu wazee. Katika miaka yake ya kwanza alijishughulisha zaidi na upasuaji.

Mwaka 1935 hospitali hiyo ilikabidhiwa nyumba ya maskini iliyopakana nayo. Humo mlikuwa na wagonjwa 714, wengi wao wazee, walioitwa wagonjwa wa kudumu. Maana ya jina hilo ilikuwa kwamba hakuna aliyetazamia wapone. Mwenye kiharusi, aliyevunjika nyonga, mwenye kupoteza kumbukumbu na aliyekosa tu mahali pa kwenda, wote walilazwa pamoja. Walipewa chakula, walioshwa, wakangojea kufa.

Alichofanya Warren hakikuhitaji mtambo wowote. Alimpima kila mmoja wao. Aliuliza huyu anaugua nini hasa, alianza kulala lini, na nini kinamzuia kuinuka leo. Kisha akawagawa katika makundi: wanaoweza kutoka kitandani, wasioweza lakini wanazuia haja zao, wasioweza kuzuia haja, waliochanganyikiwa ila ni watulivu, na waliochanganyikiwa na kuwasumbua wenzao. Alipaka wodi rangi ya kung’aa, akaongeza mwanga, akaweka vyuma vya kushikilia ukutani. Wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo wakaanza kuwasimamisha watu ambao walikuwa wameshasahau kusimama.

Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Wengine walijifunza tena kutembea wakarudi kwao. Wengine walihamia makao ya kawaida, kwa kuwa hawakuwa wagonjwa tena. Baada ya muda alihitaji vitanda 240 tu kwa kazi ambayo awali ilichukua 714, na vilivyobaki wakapewa wagonjwa wengine.

Mwaka 1943 na mwaka 1946 aliandika katika majarida makubwa ya udaktari ya Uingereza. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Mzee mgonjwa atibiwe ndani ya hospitali kuu, si katika jengo la nyuma, ili apate vipimo na wataalamu kama mgonjwa mwingine, na wanafunzi wa udaktari wajifunze kwake. Mwaka 1947 alikuwa miongoni mwa madaktari wachache walioanzisha chama cha madaktari wa wazee nchini humo. Mwaka uliofuata Uingereza ilianzisha huduma yake ya afya ya taifa, na udaktari wa wazee ukapata nafasi ndani yake. Leo hii ni mojawapo ya matawi makubwa kabisa ya udaktari wa hospitali za nchi hiyo.

Warren alifariki mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 62, kutokana na ajali ya gari huko Ufaransa, akiwa safarini kwenda kwenye mkutano Ujerumani. Hakuacha dawa yenye jina lake wala chombo alichovumbua. Aliacha desturi ya kumchunguza mzee kama mgonjwa anayeweza kupona.

Mzee haugui kama kijana

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini daktari wa kawaida hatoshi. Jawabu ni kwamba ugonjwa ukiingia katika mwili wa mzee huvaa nguo nyingine.

Kijana mwenye nimonia hukohoa, huwaka homa na kushika kifua. Mzee mwenye nimonia hiyo hiyo huenda asiwe na homa hata kidogo. Atakataa chakula, atalala mchana kutwa, au atamwita mwanawe kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Mshtuko wa moyo, ambao kwa kawaida huja na maumivu makali ya kifua, kwa mzee unaweza kuja kama kuishiwa pumzi au kuanguka tu. Huzuni kubwa baada ya kufiwa humfanya asahau na kunyamaza, hata watu wadhani akili imekwisha, kumbe ni ugonjwa wa moyo mzito unaotibika.

Bernard Isaacs, daktari wa wazee aliyefanya kazi Glasgow na Birmingham, aliyataja mambo manne akayaita majitu ya uzeeni: kushindwa kutembea, kuangukaanguka, kushindwa kuzuia haja, na akili kuchanganyikiwa. Hayo hayauwi kwa siku moja, lakini humwondolea mtu heshima yake. Kila mojawapo ni dalili tu. Nyuma yake kuna sababu, na mara nyingi sababu si moja.

Nitoe mfano kutoka kazini kwangu. Mama mmoja wa miaka zaidi ya 80 aliletwa na wanawe akiwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa shambani akichuma mbaazi. Sasa hakujua yuko wapi, alikuwa akijikojolea, na usiku alikuwa akipiga kelele. Wanawe walikwisha kuanza kuitana kutoka mjini, kila mmoja akijua anaitiwa nini.

Nilimwomba binti yake alete dawa zote zilizokuwa nyumbani. Alizimwaga mezani kutoka mfuko wa plastiki. Mlikuwa na dawa ya presha ya kliniki moja, na dawa ile ile ya presha ya kliniki nyingine ikiwa na jina tofauti. Mlikuwa na vidonge vya maumivu ya magoti vilivyonunuliwa dukani bila cheti cha daktari, vya aina inayopandisha presha na kuumiza figo. Mlikuwa na vidonge vya mafua alivyokuwa akinywa ili apate usingizi, ambavyo kwa mzee huweza kuvuruga akili na kuzuia mkojo. Juu ya hayo alikuwa na maambukizi ya mkojo, na alikuwa amejinyima maji ili asiamke usiku.

Tulisimamisha dawa zisizofaa, tukatibu maambukizi, tukamrudishia maji mwilini. Siku ya nane aliuliza nani anawalisha mbuzi wake. Huyu ndiye aliyekuwa ‘amezeeka tu’.

Si kila mzee atapona hivi. Wapo ambao ugonjwa umewala ndani, na kuna usahaulifu usiorudi nyuma. Lakini hata hao wanahitaji daktari anayejua kupunguza maumivu, kuzuia vidonda vya mgongo na kumwelekeza binti anayemwuguza. Na hakuna awezaye kujua nani atapona na nani hatapona kabla ya kuwapima.

Jirani zetu wa Hai

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Uingereza, nchi yenye pesa na vikongwe wengi. Basi tutazame jirani, upande wa pili wa mpaka, katika Wilaya ya Hai chini ya Mlima Kilimanjaro. Daktari bingwa wa wazee Richard Walker, anayefanya kazi kaskazini mwa Uingereza, amekuwa akifanya utafiti huko na wenzake wa Tanzania tangu miaka ya 1990. Wamefanya jambo lile lile alilofanya Warren: kwenda kwa wazee na kuwapima.

Walichokuta kinatuhusu. Walipopima wazee zaidi ya 2,000 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa na presha ya juu, na wachache mno walikuwa wakitibiwa hadi presha ikatulia. Walipotafuta ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson katika wilaya yenye watu wapatao 161,000, walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Katika vijiji 6 walichunguza wazee 1,198 wakaona kwamba kama 6 katika kila 100 wa umri huo wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wale waliokuwa wakiamini kwamba ugonjwa huo ni wa Wazungu walipata jawabu lao.

Kuna tarakimu nyingine inayowahusu wasomaji wa mjini. Utafiti wa kiharusi uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba, baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Anayehamia jijini kutafuta maisha hutafuta pia presha, chumvi na kukaa kitako kutwa. Hawa ndio watakaokuwa wazee wetu wa kesho.

Hawakuishia kuhesabu. Huko Hai walijaribu vikao vya mazoezi ya akili kwa wazee wenye kupoteza kumbukumbu, wakiketi kwa vikundi na kuongozwa na wahudumu wa afya wa hapo hapo, na wazee hao wakaonyesha nafuu. Hapo hapakuhitajika jengo jipya. Palihitajika viti, mtu aliyefunzwa, na imani kwamba mzee anastahili saa moja ya mtu huyo.

Linganisha na yanayotukia kwetu. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mtu anayetembea usiku, anayeongea peke yake na asiyewatambua watoto wake anahitaji daktari. Pale ambapo hakuna wa kuutaja ugonjwa kwa jina lake, watu huupa jina lingine, na jina hilo linaweza kumuua mgonjwa.

Je, ni anasa?

Najua pingamizi kubwa, kwa kuwa nimeisikia hata kwa madaktari wenzangu. Kenya ni nchi ya vijana. Watoto bado wanakufa kwa malaria na kuhara, na akina mama wanakufa wakijifungua. Kuwatafutia wazee madaktari wao si anasa?

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, katika watu milioni 47.6. Ni sehemu ndogo ya taifa, lakini milioni 2.7 ni watu wengi kwa madaktari bingwa wa wazee walio wachache kama hao tulio nao. Zaidi ya hayo, mzee haugui peke yake. Mama akilala kitandani Kilungu, binti aliyekuwa na kibanda Gikomba hufunga biashara arudi kumwuguza, na karo ya mjukuu hukosekana. Na mzee aliyelazwa miezi miwili kwa vidonda vya mgongo vilivyoweza kuzuiwa hukalia kitanda ambacho mama mjamzito angekitumia. Warren alipowainua wazee wake, vitanda vilivyoachwa wazi viliwafaa wengine.

Sheria nayo imekwisha kusema. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, na kupata malezi na msaada unaofaa kutoka kwa familia zao na serikali. Hapa Makueni, mpango wa afya ulioanzishwa mwaka 2016 ulitoza familia shilingi 500 kwa mwaka, na waliopita umri wa miaka 65 hawakulipa. Lilikuwa jambo jema, na wazee waliokuwa wakiogopa gharama walianza kujitokeza. Lakini kufungua mlango ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni nani anayewangojea ndani, na kama amefunzwa kuwatazama.

Tuanzie wapi

Sipendekezi tujenge hospitali kuu ya wazee Nairobi na kukata utepe. Napendekeza mambo manne yanayowezekana.

Kwanza, kila hospitali ya kaunti na ya kaunti ndogo itenge siku moja kwa wiki ya kliniki ya wazee. Siku hiyo foleni iwe ya kukaa wala si ya kusimama, na mgonjwa apewe muda. Apimwe presha, sukari, macho, masikio, mwendo na kumbukumbu, na dawa zake zote zimwagwe mezani. Mtoto wa jicho unaoweza kuondolewa kwa upasuaji mfupi usiachwe umtie mtu gizani miaka 10.

Pili, vyuo vya udaktari, vya matabibu na vya wauguzi viweke mafunzo ya wazee ndani ya mitihani. Kisichotahiniwa hakisomwi, hilo kila mwanafunzi analijua. Na wale wachache walio mabingwa wasikae Nairobi tu wakitibu wenye bima. Wazunguke kaunti wafundishe.

Tatu, wauza dawa wajiulize kabla ya kumpa mtu wa miaka 75 vidonge vya maumivu vya mwezi mzima bila kumpima presha. Mkono unaouza ndio mara nyingi mkono wa mwisho unaoweza kuzuia.

Nne ni wewe, msomaji uliyeko mjini. Unatuma pesa kila mwezi, na hiyo ni shukrani njema. Lakini pesa haisikii mama akihema. Ukienda nyumbani mwishoni mwa mwezi, mtazame anavyoinuka kitini. Angalia kama nguo zinampwaya. Mwulize ameanguka mara ngapi, na umwulize faraghani, kwa maana wazee wetu huona haya kusema. Kusanya dawa zake zote uende nazo kwa daktari. Akibadilika ghafla, kwa siku mbili tatu tu, usingoje Jumapili. Mabadiliko ya ghafla si uzee. Uzee haumfikii mtu kati ya Jumatatu na Alhamisi.

Na daktari akikuambia ‘ni uzee tu’, mwulize kwa adabu: ni ugonjwa gani, daktari? Akisema hajui, amesema kweli, na atakuelekeza kwa mwingine. Akiudhika, tafuta mwingine wewe mwenyewe.

Kwa vijana waliomo vyuoni nina neno moja. Kazi hii haitakupa jina kubwa wala gari kubwa. Itakupa wagonjwa wenye magonjwa manne kwa pamoja, wanaosimulia polepole, ambao ushindi wao ni kufika msalani bila kushikwa. Lakini utakuwa unalipa deni la watu waliouza mbuzi na ng’ombe ili wewe usome. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Basi na tusiwaache wazee wenyewe waharibike kwa neno letu moja la uvivu.